Bastola ya Gumegume ya 1836: Je, Mtambo Wake Umewahi Kubadilishwa?

Kwenye bamba la mtambo, yaani sehemu ya ubavuni inayowasha baruti, la bastola nyingi za jeshi la Marekani za modeli ya 1836 pamechapwa "A. WATERS MILBURY MS." na mwaka ilipotengenezwa. Mji wenyewe ni Millbury, wenye L mbili, katika jimbo la Massachusetts. Mkusanyaji mgeni akiiona hiyo L moja huirudisha bastola mezani, akidhani anauziwa bandia. Bandia zipo, lakini dalili yake si hiyo. Kiwanda cha Asa Waters kilichapa hivyo hivyo.

Kandarasi ya kuzitengeneza haikuwa ya Waters peke yake. Robert Johnson wa Middletown, Connecticut, naye alitengeneza, na hadi mwaka 1844 wawili hao walikuwa wametoa bastola zaidi ya 40,000. Hii ndiyo modeli ya mwisho ya bastola ya gumegume kutolewa kwa jeshi la Marekani. Ilipoanza kutengenezwa, fataki, yaani vikofia vidogo vinavyolipuka vikigongwa na nyundo na kuwasha baruti bila jiwe, zilishajulikana, kwa hiyo ilizaliwa ikiwa imeshapitwa na wakati. Hata hivyo ilikwenda vitani Meksiko mwaka 1846 hadi 1848.

Mtutu una urefu wa inchi 8.5, laini ndani bila mifuo, na tundu lake ni inchi 0.54, karibu milimita 13.7. Mdeki, yaani fimbo ya kushindilia baruti na risasi, umeshikizwa kwa bawaba chini ya mdomo wa mtutu: unauzungusha, unashindilia, unaurudisha, bila kuuachia. Ni jambo dogo lenye akili nyingi. Askari wa farasi akiangusha mdeki wake njiani, bastola imebaki rungu.

Wasomaji wa pwani watalitambua jina gumegume kwa bunduki za mababu. Mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said ulitaja bunduki na baruti waziwazi: kisiwani Unguja ziuzwe kwa serikali tu, bandari nyingine za Sultani ziuzwe bila kizuizi. Bastola zetu hazikutengenezwa kwa biashara ile, lakini mtambo ni wa aina moja. Nyundo yenye taya mbili hubana jiwe. Ukivuta kifyatulio, jiwe hukwaruza bamba la chuma lililosimama mbele yake, bamba hufunuka, cheche huangukia baruti kwenye kisahani, na moto huingia mtutuni kupitia kitundu cha ubavuni. Kwenye modeli hii kisahani ni cha shaba ya njano.

Miaka iliyofuata, bastola nyingi kati ya hizi zilibadilishwa zitumie fataki. Fundi aling'oa kisahani, bamba la cheche na springi yake, akaziba kitundu cha ubavuni, akafunga kifa cha kuvisha fataki juu ya mtutu, kisha akaweka nyundo mpya. Hilo ni badiliko la kihistoria, wala si kasoro. Tatizo lilikuja baadaye sana. Wakusanyaji walikuwa tayari kulipa zaidi kwa bastola yenye jiwe, kwa hiyo mafundi wakaanza kuzirudisha kwenye gumegume. Ndiyo maana mtu akituletea bastola hii, hatuanzi na umri wake. Tunauliza kama imewahi kuguswa.

Fungua mtambo, ikiwa unajua kuufungua bila kuharibu skrubu, na utazame upande wa ndani wa bamba lake. Matundu ya skrubu yaliyozibwa na kusuguliwa vizuri kwa nje mara nyingi huonekana kwa ndani kama viduara. Kisha mulika tochi juu ya mtutu, karibu na nyuma, mahali ambapo kifa kingekaa. Duara hafifu lenye rangi tofauti na chuma kinacholizunguka linaonyesha palipojazwa. Kitundu cha moto nacho hushuhudia: cha bastola iliyotumika huwa kimeliwa kidogo, na chuma cha pembeni kina vishimo vya kutu ya baruti. Kitundu chenye ukingo mkali kwenye mtutu uliochoka kinatia shaka. Vivyo hivyo kisahani kinachong'aa kama pete iliyonunuliwa jana.

Bastola iliyorudishwa si takataka. Muuzaji aseme tu kwamba imerudishwa, na bei ifuate hapo.

Kabla ya yote hayo, hakikisha haina kitu ndani. Ingiza kijiti cha mbao mtutuni hadi kigote, weka alama mdomoni, kisha kilaze nje ya mtutu, alama ikiwa usawa wa mdomo. Kikishindwa kufika usawa wa kitundu cha moto, huenda kuna risasi na baruti, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu huweza kuwaka hata baada ya karne moja na nusu. Usichokoe, mpelekee fundi silaha mwenye ujuzi wa silaha za kale.

Wengine huja wakijivunia kwamba wameisugua ikang'aa. Ni kweli ilitoka kiwandani inang'aa, lakini weusi ulioingia tangu hapo ndio unaotusaidia kuona palipoguswa. Ukipiga msasa unafuta ushahidi wako mwenyewe. Kitambaa laini chenye mafuta mepesi kinatosha.

Kuhusu sheria, Marekani huhesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale kwa sheria ya shirikisho, ingawa majimbo yana masharti yao. Ukitaka kuivusha mpaka, uliza polisi na forodha za nchi inakokwenda kabla hujalipa.