Unga haukuishia pwani

Bado wapo Dodoma wanaosema unga, yaani heroini, ni shida ya Dar es Salaam na Zanzibar, huku kwetu ni pombe tu. Si kweli. Heroini ilianza kuenea pwani miaka ya 1980, kisha ikapanda bara kidogo kidogo. Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011. Leo ipo hapa hapa Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe. Mraibu anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto, yale mateso ya kukosa unga, inatulia, anakwenda kazini. Huduma ni bure. Mzazi, ukiona kijana anasinzia amesimama huku akijikuna, tafadhali usimfukuze nyumbani. Mpeleke Itega, umsindikize mwenyewe.