Je, Kumbukumbu ya Blokcheni Inatosha Kuwa Hati ya Shamba?

Huenda wapo, Unguja na Pemba, wanaoamini kwamba haki ya shamba ikishaandikwa kwenye blokcheni, yaani daftari la kidijitali ambalo nakala zake huhifadhiwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, huwa haipingiki mbele ya sheria. Imani hiyo ina msingi wake, kwa kuwa ni vigumu mno mtu mmoja kubadilisha kwa siri kilichokwisha kuandikwa humo.

Hata hivyo, ugumu wa kufuta si uthibitisho wa ukweli. Blokcheni hulinda maandishi kama yalivyoingizwa. Haijui kama aliyeyaingiza alikuwa na haki ya kuuza. Tuchukue shamba la Wete ambalo ardhi ina mwenyewe na mikarafuu iliyomo ina mwenyewe mwingine, jambo lisilo geni Pemba, au shamba la urithi ambalo ndugu hawajagawana: kosa likiingizwa, litabaki humo kwa uimara uleule. Isitoshe, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na anachopewa mtu ni haki ya kuitumia.

Anayetaka kuhakikisha aulize ni sheria ipi inayoitambua kumbukumbu hiyo, aitafute hati kwenye afisi ya usajili wa ardhi, na azungumze na sheha na majirani wa mpakani. Aulize pia ni nani atakayesahihisha kosa mahakama ikiamuru, maana kompyuta hizo huenda zimetawanyika katika nchi nyingi, kila moja na sheria zake.