Kabla ya Vidonge vya Nywele, Tazama Chungu Chako

Katika huduma za lishe hapa Mtwara tunaulizwa sana: "Nywele zinakatika, nimeze vidonge gani?" Mara nyingi muulizaji anacho tayari kichupa cha biotini (vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele) alichoagiza mtandaoni, kwa pesa ambayo ingenunua dagaa wa kutosha. Nasi humuuliza: jana ulikula nini?

Nywele na kucha hujengwa kwa keratini, ambayo ni protini. Chakula kikipungua, mwili huhudumia kwanza moyo na ubongo, nywele husubiri. Ndiyo maana anayeshindia muhogo wa kuchemsha kwa chai, na jioni ugali wa muhogo na mboga kiduchu, hushiba vizuri huku nywele zikizidi kuwa nyembamba. Muhogo hauna kosa, unatia nguvu, ila protini yake ni kidogo mno. Kwa mtoto hali huwa nzito zaidi: nywele zikiwa nyekundu-nyekundu, zikang'oka bila maumivu, na miguu ikavimba, huo ni utapiamlo mkali. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kinachosikitisha ni kwamba tiba ya haya tunaifunga kwenye magunia na kuipeleka mnadani. Gramu 100 za korosho zilizobanguliwa zina protini gramu 18 hivi, pamoja na zinki na madini ya chuma. Ufuta wa Lindi una chuma kama mara mbili ya korosho. Hatumwambii mkulima asiuze, maana ada ya shule hailipwi kwa maneno. Lakini debe moja libaki ndani. Ufuta ukaangwe, utwangwe, utiwe kwenye kisamvu. Mbaazi, kunde na choroko zisiwe chakula cha siku ambazo samaki wamekosekana tu.

Chuma kinastahili maneno zaidi, hasa kwa akina mama. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 kwa siku, mwanaume 8. Damu ikipungua, nywele hupukutika, na kucha hulainika na hata kubonyea katikati. Chuma cha mboga na nafaka hufyonzwa kidogo, ila vitamini C hukisaidia: kamulia ndimu, au kula embe au bibo, yaani tunda la mkorosho. Bibo lina vitamini C mara kadhaa ya chungwa, nasi tunaliacha lioze chini ya mkorosho au tunaligeuza uraka, pombe ya mabibo (na uraka, tuelewane, hatuuhesabu kwenye lishe). Chai nayo huzuia chuma, hivyo ingoje kama saa moja baada ya mlo. Kwa watoto wanaotembea peku, fikirieni pia minyoo ya safura, ambayo hunyonya damu.

Si kila nywele iangukayo ni ugonjwa. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, na mama aliyejifungua anaweza kunyonyoka sana kuanzia miezi miwili hadi minne baadaye, kisha zikarudi. Misuko inayovuta hadi kichwa kuuma ni jambo jingine: ikiendelea kwa miaka, nywele za kwenye paji hazioti tena.

Upungufu wa biotini ni nadra. Dozi kubwa ya vidonge vyake inaweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo na tezi ya shingo, hivyo ukivitumia mwambie daktari kabla hajakupima.

Ngozi ina maadui wake. Mafuta ya ganda la korosho huunguza vidole. Mbanguaji avae glavu au ajipake mafuta ya kula mikononi kabla ya kazi. Mkorogo wenye zebaki hauishii usoni, hufika kwenye figo. Mwenye ualbino anahitaji losheni ya kukinga jua, kofia pana na mikono mirefu kila siku, hata kukiwa na mawingu.

Ukibadilisha mlo, usijikague kesho yake. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kucha za mikono milimita tatu. Subiri miezi mitatu au zaidi.

Ila baka jeupe au jekundu lisilohisi mguso lisisubiri hata wiki. Huenda ni ukoma. Dawa zake hutolewa bure, na zikianza mapema huzuia ulemavu.