"Sikuongeza kitu": uchakachuaji wa samaki mbele ya sheria ya 1906

Mfanyabiashara akikutwa na shehena inayonuka, utetezi ni uleule: "Mimi sijachakachua, sikuongeza kitu." Nimechoka kuusikia. Tangu sheria ya vyakula na dawa ya Marekani ya 1906, iliyoanza kutumika Januari 1, 1907, jibu liko wazi. Kifungu cha 7 kilihesabu kuwa kimechakachuliwa chakula chochote chenye sehemu chafu au iliyooza, hata kama hakikutiwa kitu. Samaki aliyeachwa gatini bila barafu yumo kapu moja na aliyetiwa sumu.

Halafu huja "ni maji tu". Hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Wauza chaza wa Marekani (chaza ni kiumbe wa baharini mwenye kombe) walikuwa wakiwatoa chaza kwenye maji ya chumvi na kuwalaza midomoni mwa mito, penye chumvi kidogo. Chaza hunywa maji yale, nyama ikavimba, ikawa nyeupe, na mnunuzi akadhani amepata walionona. Kilichoongezeka ni uzito, si chakula, na sheria ilikataza kuchanganya kitu kinachopunguza ubora. Ofisi ya kemia ya serikali, chini ya Harvey Wiley, iliipinga biashara hiyo. Tena mito ile ilibeba maji taka ya miji: majira ya baridi ya 1924 na 1925, chaza wa New York walihusishwa na homa ya matumbo iliyowapata watu wapatao 1,500, na 150 hivi wakafa. Ushauri wangu haubadiliki: suuza, chuja papo hapo, tia barafu. Anayeloweka anauza maji kwa bei ya chaza.

Husemwa pia: "Lazima mtu augue kwanza." Hapana. Kuoza kulitosha.

"Mwenye mali alikwenda jela." Si lazima: mara nyingi serikali ilishtaki mzigo wenyewe, mapipa na makopo yakawa ndiyo mshtakiwa, na hakimu akiridhika yaliteketezwa. Aliyesafirisha, kwa kosa la kwanza, faini haikuzidi dola 200.

"Wakaguzi walikaa viwandani." Kwenye nyama, ndiyo, kwa sheria nyingine iliyotiwa saini siku ileile. Samaki hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1934 ndipo wasindikaji wa kamba wa baharini waliporuhusiwa kuomba mkaguzi wa serikali, na gharama zake wakazilipa wao.