Uti wa Mgongo wa Shujaa: Mwanamume na Mwanamke katika Katuni za Marekani

Nimefundisha uchoraji wa umbo la binadamu kwa miaka mingi, na vijana wanaopenda katuni za mashujaa wa Marekani hawaachi kuniuliza, kila ninapokosoa jinsi wanawake wanavyochorwa humo, kama si kweli kwamba wanaume nao hutiwa chumvi. Ni kweli. Mtu wa kawaida ana kimo cha vichwa 7 na nusu, tukipima mwili kwa urefu wa kichwa chake mwenyewe, ilhali shujaa wa katuni huchorwa kwa vichwa 8 au zaidi, mabega yakiwa mapana kupita kiasi na kiuno kikiwa chembamba. Hata hivyo, chumvi si ya namna moja, na anayesema kwamba jinsia zote mbili zimetendewa sawa hajaangalia imemwagwa wapi na kwa faida ya nani.

Ninapochambua ukurasa huanza na uti wa mgongo, kwa kuwa huo ndio mstari ambao wengi wetu huuweka kwa penseli kabla ya misuli, nguo na wino. Mwanamume anayeruka kutoka paa hadi paa huwa na mstari mmoja unaoanzia kisiginoni na kuishia kwenye ngumi, na mwili wake wote unakwenda kule anakokwenda. Mwanamke anayeruka pamoja naye katika fremu hiyohiyo mara nyingi huwa na mstari uliokatika katikati: miguu inamwelekea adui, lakini kiuno kimesokotwa hata kifua na makalio vikaonekana kwa pamoja, vyote vikimwelekea msomaji. Mwili hauwezi jambo hilo. Pingili 5 za kiuno huinama mbele na nyuma bila taabu, ila kuzunguka huzunguka kidogo tu. Sehemu kubwa ya mzunguko wa kiwiliwili hutoka juu zaidi, penye mbavu. Huwaomba wanafunzi wangu, wavulana kwa wasichana, wasimame mbele ya kioo na kuujaribu mkao huo, na wote huishia kushika ukuta. Asiyeweza kusimama hawezi kupiga ngumi. Misuli ya mwanamume hutiwa chumvi ili tuamini kwamba anaweza. Mwili wa mwanamke hutiwa chumvi ili atazamwe, hata ikibidi anyang'anywe uwezo uleule ambao hadithi inasema anao.

Mfano ulio wazi ni jalada la ziada la toleo la kwanza la katuni ya shujaa wa kike Spider-Woman, ambalo Milo Manara, mchoraji wa Italia anayejulikana sana kwa michoro ya mahaba, aliichorea Marvel, kampuni ya katuni ya Marekani, mwaka 2014. Shujaa anatambaa kupanda ukingo wa paa, makalio yameinuliwa, na vazi lake limechorwa kana kwamba ni rangi iliyopakwa juu ya ngozi, bila mkunjo hata mmoja wa kitambaa. Waliolitetea walisema kwamba Spider-Man naye hujikunyata vivyo hivyo. Nimeiweka michoro ya namna hiyo kando kwa kando mara nyingi, na siafiki. Mgongo wa Spider-Man umeviringika na magoti yamekunjwa kama springi iliyobanwa, kwa hiyo jicho la msomaji linakwenda pale anapotaka kurukia. Mgongo wa mwanamke yule umebonyea, na jicho halina pa kwenda.

Mwishoni mwa mwaka 2012 wachoraji walianza kusambaza mtandaoni picha za Hawkeye, mpiga upinde wa Marvel, akiwa amewekwa katika mikao ya mashujaa wa kike. Wengi walicheka, nami naliona kuwa somo zuri la anatomia: mkao uliozoeleka mno kwa mwanamke hata hauonekani tena, ukihamishiwa kwa mwanamume, kila kasoro yake inajitokeza.

Uso nao una habari yake. Mwanamume huruhusiwa kuwa na kovu, pua iliyovunjika, mikunjo ya paji la uso na meno yaliyokazwa kwa hasira. Chukua wanawake watano waliochorwa na mkono mmoja, funika nywele zao, na mara nyingi utabaki na uso uleule mara tano.

Wachapishaji walilijua tatizo hili mapema. Kanuni walizojiwekea nchini Marekani mwaka 1954 ziliagiza wanawake wachorwe kihalisia, bila kutiwa chumvi sehemu yoyote ya maumbile yao. Wanaume hawakuwekewa agizo la namna hiyo.

Mabadiliko yapo, na nayafurahia. Mwaka 2012 Carol Danvers, shujaa wa kike wa Marvel ambaye katika hadithi alikuwa rubani wa jeshi la anga, alipewa jina la Captain Marvel pamoja na vazi lililobuniwa na Jamie McKelvie. Badala ya lile la zamani lililofanana na nguo ya kuogelea, sasa anavaa suti inayomfunika kuanzia shingoni, inayokumbusha sare ya rubani. Lakini vazi peke yake halitoshi. Mwanafunzi wangu mmoja alimchora ndani ya suti hiyo, kila mshono mahali pake, kiuno kikiwa kimesokotwa vilevile kama zamani. Tulifuta yote, tukaanza upya kwa mstari mmoja, kutoka kisiginoni hadi kwenye ngumi.