Nani Huwatibu Wakimbizi wa Kipalestina?
Imezoeleka kudhani kwamba afya ya wakimbizi wa Kipalestina imo mikononi mwa madaktari wa kigeni, wanaoingia kambini vita vinapozuka na kuondoka vinapotulia. Dhana hiyo si sahihi. UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa lililoundwa mwaka 1949 na kuanza kazi Mei 1950, huajiri wakimbizi wenyewe kwa wingi: madaktari, wauguzi na wakunga wanaoishi mitaa ileile, na ambao hupoteza makazi pamoja na wagonjwa wao, jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha.

Katika miaka ya utulivu, kazi kubwa ya vituo vyao vya Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jordan, Lebanon na Syria si majeraha ya risasi, bali ni kliniki ya wajawazito, chanjo za watoto, kisukari na shinikizo la damu, maradhi yanayomtaka mgonjwa afuatiliwe mwaka hadi mwaka. Wageni husaidia, hasa katika upasuaji. Hata Waisraeli wamo: Madaktari wa Haki za Binadamu – Israeli, chama kilichoanzishwa mwaka 1988, hupeleka kliniki tembezi katika vijiji vya Ukingo wa Magharibi, ambako madaktari wa Kiyahudi na wa Kiarabu huhudumu pamoja.