Granuloma: ukuta unaohitaji mlinzi kila siku

Kazi yangu ni kusoma vipande vya tishu kwa hadubini, na hakuna kinachonisimamisha kama granuloma. Ni kifundo kidogo cha seli za kinga, pengine cha milimita moja tu, lakini ukikitazama unaona mzingiro kamili.

Chukua bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mwaka 1882. Makrofaji, seli zenye kazi ya kumeza vijidudu na kuvisaga, humeza na huyu, ila kumsaga hushindwa. Ana gamba lenye nta, tena huzuia kifuko alimomezwa kisiungane na vimeng'enya vya kumyeyusha. Basi huishi ndani ya yule yule aliyemmeza. Mwili ukishindwa kumuua, humfungia. Makrofaji zaidi hufika, hutanuka na kushikamana; nyingine huungana zikawa seli moja kubwa yenye viini vingi, mara nyingi vilivyopangika kama kwato ya farasi. Seli T, aina nyingine ya seli za kinga, huja kuzizunguka, na baadaye nyuzi za kovu. Katikati, tishu hufa ikafanana na jibini.

Wengi wakisikia hivyo hudhani vita imekwisha. Sivyo hata kidogo. Ukuta huu ni seli hai, na husimama kwa ishara zinazotumwa bila kukoma, hasa interferoni-gama na TNF. Dawa za kuzuia TNF zilipoanza kutumika kwa wagonjwa wa baridi yabisi, iliripotiwa mwaka 2001 kwamba baadhi yao waliugua kifua kikuu ndani ya miezi michache. Ndiyo maana sasa mgonjwa hupimwa maambukizi fiche kabla ya kuanzishiwa dawa hizo. VVU nayo huudhoofisha ukuta huo huo kwa kuangamiza seli T za CD4.

Wakati mwingine ukuta wenyewe ndio huumiza. Katika aina ya kichocho inayoshambulia matumbo na ini, mayai ya minyoo hukwama kwenye ini, mwili huyazungushia granuloma, na makovu yake huziba njia za damu.

Nikishuku kifua kikuu, hupaka rangi ya Ziehl-Neelsen na kutafuta vijiti vyekundu, yaani bakteria wenyewe, uga baada ya uga wa hadubini. Mara nyingi sioni hata kimoja, maana waliofungiwa humo huwa wachache mno. Kwa hiyo katika ripoti sikosi kuandika: kutoonekana kwa bakteria hakuondoi uwezekano wa kifua kikuu, tafadhali pima kwa njia nyingine.